Walivyomfukuza Masanja Jeshini

Asubuhi ile kule Msumbiji, tulikopelekwa kupigana na waasi, tulikuwa mtoni tunafua magwanda, mimi na Masanja, huku tukitafuna michembe, viazi vitamu vikavu ambavyo Masanja aliletewa kutoka kwao Sapiwi na mwenzetu aliyetoka likizo. Huyo mwenzetu alitusimulia kwamba maduka ya Bariadi sasa yamejaa sabuni na sukari, biashara imefunguliwa, foleni zimekwisha. Masanja akacheka. "Nkoi, ninyi watu wa Nassa sasa mtauza hata ziwa." Nkoi ni rafiki kwa Kisukuma chetu, na kwetu Nassa ni kando ya ziwa. Mimi nilikuwa koplo, yeye praiveti, lakini tukiwa wawili mambo ya vyeo tuliyaweka pembeni.

Jioni tulipangwa kuvizia kwenye kivuko. Luteni wetu alikuwa na habari kwamba waasi wangepita pale. Masanja alilala nyuma ya bunduki ya rashasha, mimi kando yake nimeshika mkanda wa risasi.

Watu wakatokea.

Walikuwa wanawake, wamejitwika vikapu. Mmoja aliteleza, kikapu kikaanguka, mihogo ikatawanyika majini. Niliiona kwa macho yangu haya.

"Piga!" luteni akasema.

"Afande, ni akina mama," Masanja akasema. "Wamebeba mihogo."

"Nimesema piga. Hiyo ni amri."

Masanja akaondoa mkono kwenye bunduki.

Wakavuka. Mtoto alilia mgongoni mwa mama yake.

Alfajiri waasi walitushambulia, tukampoteza mpishi wetu. Kabla hata hatujamzika, luteni alikuwa ameshapata wa kumbebesha lawama: wale wanawake walibeba risasi, na Masanja ndiye aliyewapitisha. Risasi! Yaani mihogo niliyoiona mimi imegeuka risasi! Masanja akashtakiwa kwa kukataa amri mbele ya adui.

Sasa nisikilizwe vizuri, maana hapa ndipo damu inaponichemka hadi leo. Askari ana haki zake. Amri ya kumuua mama mwenye kikapu cha mihogo si amri halali, na askari hafungwi nayo. Anayeshtakiwa ana haki ya kupata ofisa wa kumtetea na ya kuita mashahidi. Hayo nilikuja kufundishwa baadaye sana, kwenye kozi ya usajenti. Siku ile nilijua jambo moja tu, kwamba niliona mihogo, na nilisimama nje ya hema la kamanda wa kikosi, buti zimeng'arishwa, nikingoja kuitwa niseme.

Sikuitwa. Masanja aliingizwa bila kofia wala mkanda. Turubai si ukuta, nilisikia kila neno.

"Unakiri kosa au unakana?" kamanda akauliza.

"Nakiri, afande. Naomba mnisamehe."

Basi, kwisha. Kamanda hakumuuliza kama ameelewa. Hakumwambia kwamba akikiri, hakuna shahidi atakayesikilizwa. Alisoma adhabu akamtoa nje, mimi bado nimesimama wima kama mjinga.

"Masanja, umefanya nini?" nilimuuliza pale mahabusu.

"Nimekubali, nkoi. Kwetu ukibishana na banamhala, wale wazee, unaongeza kosa. Ukikubali, unatoa mbuzi, mnakula wote, unarudi kukaa na wenzako."

Ndivyo wazee wetu wa Kisukuma wanavyomaliza kesi kijijini, na mimi nimekula mbuzi wa namna hiyo mara nyingi. Lakini kamanda hakuwa mzee wa kijiji chetu, na jeshi halikutaka mbuzi. Walimfunga, kisha wakamfukuza kwa fedheha, bila kiinua mgongo, bila ahsante. Luteni akapandishwa cheo. Haki ya Mungu, akapandishwa cheo!

Miaka ikapita, nikastaafu, nikarudi Nassa. Pamba ilikuwa imeachiwa wanunuzi binafsi, na viwanda vya kuichambua pale Bariadi vilitafuta walinzi, hasa wanajeshi wa zamani. Masanja naye alikwenda kuomba. Wakamuuliza aliachaje jeshi, akawaambia ukweli, wakamwonyesha geti. Mtu aliyekataa kuua akina mama hakufaa hata kulinda marobota ya pamba.

Nilipomtembelea Sapiwi alinipokea kwa furaha, akanipa kiti na maziwa ya mgando. Kisha akanipeleka zizini kunionyesha beberu mnene aliyefungwa peke yake.

"Huyu ni wa kamanda," akasema. "Nimefikiri sana, nkoi. Kifungo nilimaliza, na bado hawajaniita kikosini. Nadhani ni kwa sababu sikutoa mbuzi. Nisindikize tumpeleke."

Nilitaka kulia na kutukana kwa pamoja. Nikamweleza yote. Nikamwambia kwamba angekana tu, mimi ningeingia, ningesema habari za ile mihogo, na pengine leo angekuwa mstaafu mwenye pensheni kama mimi.

Alisikiliza hadi mwisho, mkono wake uko kwenye pembe ya beberu.

"Kamanda alijua kwamba nikikubali ndiyo basi?"

"Alijua."

"Na hakuniambia?"

"Hakukuambia."

Masanja akaifungua kamba, akamwachia beberu aende malishoni na wenzake. Miaka yote ile alikuwa anangoja kuitwa, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba hakuna atakayemwita.