Mgolole wa Kulishia Mbwa

Bibi yangu Loisi, aliyemzaa mama yangu, alikuwa akianza kisa hiki kwa kunionyesha miguu yake. Aliinyoosha juani mbele ya tembe, nyumba yetu ya paa bapa la udongo, akazigonga nyayo kwa fimbo. "Tazama, mjukuu wangu. Hii si miguu tena, ni kwato." Kisha alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Nilikuwa msichana wa darasa la tatu. Sasa mimi nami nina wajukuu, Bibi amekwisha pumzika mbele za Mungu, na naona niandike kabla sijasahau.

Siku za kisa hiki hakuwa Loisi bado. Jina la ubatizo alilipata uzeeni. Kijijini kwao, chini ya milima upande wa Mpwapwa, aliitwa Mbeleje, mke wa Ndahani. Ng'ombe wa nyumba ya kina Ndahani walikufa kwa tauni ya sotoka Ndahani akiwa mdogo, na Ugogo mtu asiye na ng'ombe huhesabiwa nusu mtu. Basi Ndahani akashika mbwa. Alikuwa na wawili, dume na jike. Dume alimwita Mtasema, jike akamwita Wataona, na majina hayo yalikuwa salamu kwa majirani waliomcheka. Akisimama juu ya tembe jioni akaita, "Mtasemaaa! Wataonaaa!" kila mmoja alijua ameambiwa yeye.

Walicheka, lakini nyama ililiwa. Leo digidigi, kesho kutwa ngiri, mara moja moja swala. Wale mbwa wawili ndio waliokuwa zizi la nyumba ile.

Mbwa wa mawindo ana sheria zake. Hapewi chakula cha moto, maana mvuke huua pua. Hali kitu usiku wa kuamkia mawindo. Mnyama akianguka, mtu haonji kitu mpaka mbwa wapewe kipande chao cha ini. Na sheria iliyozidi zote ni hii: halishwi kwa mkono wa mwanamke. Wazee walisema mbwa aliyelishwa na mwanamke huacha moyo wake jikoni. Ukifika naye porini hugeuka kuutafuta moshi, akakuacha peke yako na meno ya ngiri. Mbwa wa namna hiyo alichomwa mkuki siku ile ile, na hakuna aliyemlilia.

Mwaka mmoja Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wakiisukuma reli yao kuja Dodoma. Jumbe akapita na askari wawili, kila tembe itoe mwanamume mmoja akachimbe udongo wa tuta la reli. Kwa kina Ndahani kulikuwa na wanaume wawili, yeye na kaka yake Chidosa. Chidosa alizaliwa mguu mmoja mfupi. Askari akamtazama mara moja akamwacha. Ndahani akaambiwa alfajiri awe njiani.

Alfajiri ile Ndahani akamwambia kaka yake, "Mbwa nakuachia wewe."

"Watakula kama wanangu," alisema Chidosa.

"Wanao wenyewe wanalala njaa."

"Basi watazoea."

Wakacheka wote wawili. Ndahani akavua mgolole wake wa kaniki, shuka nyeusi aliyoifunga begani, kwa kuwa waliambiwa kule nguo huchanika, akautundika kwenye mti wa paa. Akamwambia mkewe, "Mbeleje, nitakuta mbwa wangu?"

"Utawakuta."

Bibi alisema hakufikiri alipojibu. Alikuwa na ujauzito wa mama yangu, na alitaka tu mume aondoke asimwone akilia.

Chidosa alileta uji siku tatu. Siku ya nne akaleta maganda ya uwele. Baada ya hapo akaonekana kwa mbali, akipita nyuma ya boma. Mbeleje akamfuata.

"Shemeji, mbwa hawajala."

"Mvua yenyewe imekataa, mke wa mdogo wangu. Nikipata cha mbwa nitakila mimi."

"Basi niwape mimi uji wa uwele kidogo."

Chidosa akasimama. "Uwaguse, wawe mbwa wa jikoni? Ndahani akirudi nitawachoma mwenyewe mbele ya macho yake. Na kosa litakuwa lako, si langu."

Mbeleje akarudi nyumbani. Mtasema amelala mlangoni, mbavu nje. Wataona alikuwa na mimba kama yeye mwenyewe. Bibi alisema alimtazama yule mbwa, mbwa akamtazama, na wote wawili walikuwa wamechoka sawasawa. Ndipo macho yake yakapanda kwenye mti wa paa, akauona mgolole.

Akaushusha. Akauzungusha mkononi kuanzia vidole hadi kiwiko, ukafunika ngozi yote. Akapooza uji kwenye kipande cha kibuyu, akausogeza kwa mkono ule, akasema kwa sauti, kila aliye juu na chini asikie: "Huu si mkono wangu. Ni mkono wa mwenye mbwa."

Na alisadiki hivyo. Hakuwa anamdanganya mtu. Alipokwisha aliutundika mgolole pale pale, na hakuufua hata siku moja, harufu ya mumewe isije ikatoka.

Wataona akazaa watoto watano. Wote watano hakuwaweza. Alikuwa amemwona Ndahani akichagua, akafanya vile vile: alfajiri ya baridi akawabeba ndani ya mgolole, akawaweka chini mbali na mama yao, akachuchumaa kutazama. Watatu walilia pale pale walipowekwa. Hao hawafai mawindo, ni wa wachungaji. Mmoja akalala tu. Wa tano, kajike ka rangi ya majivu, hakakulia. Kalishusha pua mchangani, kakatambaa, kakapotea, kakarudi, mpaka kakalifikia titi la mama yake. Hako ndiko alikokabakiza. Wengine aliwapa wachungaji, nao wakamletea maziwa.

Majirani wakamuuliza, "Umekaitaje?"

"Nimechoka."

"Tunajua umechoka. Mbwa umemwitaje?"

"Ndilo jina lake."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Basi kazi ikawa hiyo. Akalima shamba la uwele na mama yangu, aliyekwisha kuzaliwa, mgongoni, akachota maji korongoni kwa kuchimba mchanga, akatafuta kuni, na mbwa watatu nyuma yake. Hakukusudia kuwinda. Lakini mbwa wakiwa na pua hawangoji ruhusa. Siku moja kuni hazijatosha mzigo, Mtasema akarudi na digidigi mdomoni. Mbeleje akaufunga mkono kwa mgolole, akawakatia ini kwanza, kama mumewe. Tangu siku hiyo akaanza kukafundisha Nimechoka. Alikokota kipande cha ngozi ya digidigi kuzunguka shamba, akakificha, akakaachia kakitafute. Kakikosea hakukapiga, alikaa kimya akingoja. "Fimbo humfundisha mbwa kuogopa fimbo," alisema. Jioni miguu yake ilivimba, akalala na vumbi lake. Kila usiku alihesabu kitu kimoja tu: Ndahani akirudi, mbwa ni wake tena, mimi nitalala mpaka jua lipande.

Ndahani alirudi baada ya mwaka na miezi minne. Mbwa walimbwekea. Alisimama nje ya boma, amekonda, anakohoa, mkono wa kushoto vidole viwili havipo, na mbwa wake mwenyewe wanamwonyesha meno.

"Mbukwa," alisalimu taratibu. "Hawa ni wangu au si wangu?"

Mbeleje akakimbia ndani, akautoa mgolole, akamvika begani. Mbwa wakanusa. Wakanyamaza. Mtasema akatikisa mkia. Bibi akasema moyoni, ahsante, nimemaliza.

Lakini Chidosa alikuja kuamkia, akaona jinsi mbwa walivyomzunguka mwanamke. "Nani aliwalisha hawa, mdogo wangu? Mimi uwezo uliniishia mapema."

Mbeleje hakuficha. Alieleza yote, na mkono ulivyofungwa.

Chidosa akatikisa kichwa. "Nguo haina sheria. Kesho kutwa twende nao porini na wenzetu. Wakigeuka, unajua."

Ndahani alimtazama mkewe. "Najua," alisema.

Siku ile waliondoka wanaume sita. Ndahani mbele, mgolole begani, mbwa watatu wakimfuata vizuri tu. Mbeleje aliwatazama mpaka wakapotea, akaingia ndani, akajilaza kwenye ngozi mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya tangu mume aende. Hakupata usingizi. Alikuwa akisikiliza kama mbwa atalia.

Yaliyotokea huko alisimuliwa baadaye. Walipofika korongoni, mahali ambapo moshi wa kijiji hauonekani tena, Nimechoka akasimama. Akamnusa Ndahani, akanusa mgolole, akaketi, akageuza kichwa kutazama walikotoka. Wataona akaketi. Mwisho Mtasema naye, mbwa aliyeua ngiri kumi, akaketi kama bibi harusi.

Mmoja wa wanaume akasema, "Wanangoja ugali."

Chidosa akainua mkuki. "Sema wewe, mdogo wangu. Nisije nikaambiwa nilikuonea."

Ndahani akaushika ule mgolole, akaupeleka puani. Alinusa moshi, uwele, maziwa ya mtoto mchanga, jasho la mwanamke. Harufu yake mwenyewe haikuwamo. Akamwambia kaka yake, "Shusha kwanza. Hawakuacha moyo jikoni. Mtu wao tumemwacha nyumbani."

Akageuka, akarudi njia nzima akikohoa. Mbeleje aliposikia hatua akaketi kwenye ngozi.

"Umewachoma?"

"Bado. Inuka twende."

"Wapi?"

"Porini."

"Mimi mwanamke, Ndahani. Na nimechoka."

"Naona. Inuka hivyo hivyo."

Mbeleje akambeba mama yangu mgongoni, akatoka. Bibi alisema njia ile ilikuwa ndefu kuliko tuta la Wadachi. Wanaume wakamwona, wakaangalia chini. Yeye hakuita jina la mbwa hata mmoja. Alipita tu katikati yao akaendelea kutembea, polepole, kama aendaye kuni. Mbwa wakainuka. Hazikupita hatua mia wakashika harufu, na sauti zao zikabadilika. Ngiri dume akatoka kichakani. Mtasema akashika sikio, Wataona mguu, na yule mdogo wa rangi ya majivu, aliyefundishwa kwa kipande cha ngozi shambani, akakaa mbele ya meno asipitike, mpaka Ndahani akafika na mkuki.

Chidosa akauegemea wake. Kisha akasema, "Nyama hii itakuwa na ladha ya moshi wa jikoni."

"Basi usile, shemeji," alisema Mbeleje.

"Nani kasema sili?"

Wakacheka, na hapo habari ya kuchoma mbwa ikaisha.

Ndahani akapasua, akatoa ini, akampa mkewe kisu. Mbeleje akauchukua mgolole begani mwa mumewe, akaanza kuuzungusha mkononi kama desturi yake. Ndahani akamshika kiwiko, akaufungua tena, mzunguko kwa mzunguko.

"Acha. Wanakujua."

Mbeleje akawakatia ini kwa mkono mtupu, wa kwanza Nimechoka. Mama yangu alikuwa amelala mgongoni.

Wakati wa kubeba nyama kurudi, Ndahani akamwuliza, "Kesho utaweza?"

Bibi alisema alitaka kujibu hapana. Aliliandaa neno lenyewe kinywani. Kisha akawatazama mbwa, wamelala mchangani, ulimi nje, wote watatu wamemwelekea yeye.

Aliwatembeza miaka kumi na minane, wao na watoto wao. Usingizi aliokuwa akiungoja hakuupata. Jioni alipanda juu ya tembe akaita mbwa wa uzao ule, kwa kuwa jike wa kwanza wa kila kizazi alimpa jina lile lile, na watu mashambani waliinua vichwa, wakatabasamu, wakaendelea na majembe yao.

"Nimechokaaa! Nimechoka, rudi nyumbani!"