Siku Delege Alipogusa Chaki

Haya, chekeni kwanza mmalize, halafu niwaeleze mwenyewe, maana kila nikipita sokoni Bagira nasikia kisa changu kinasimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na kila mmoja anaongeza chumvi yake (juzi nimesikia eti nilikuwa nacheza mbele ya ubao, mimi, na magoti haya). Sikucheza. Nilifundisha. Ndiyo aibu yenyewe, nilifundisha hesabu siku ya mgomo ambao mimi mwenyewe ndiye niliyeuitisha, na aliyeumia si mimi.

Kwanza mjue kwamba udelege sikuutafuta. Delege ni mwalimu anayewasemea wenzake mbele ya prefe, yaani mkuu wa shule, kwa jina la chama cha walimu, na siku ya kumchagua mimi nilikuwa nimetoka kwenda kujisaidia, niliporudi nikakuta wananipigia makofi. Tangu siku hiyo sijapumzika. Mlango wa choo cha walimu haufungi, delege. Ratiba imempa mtu saa ya mwisho ya Jumamosi, delege. Wawili wamegombania kiti chenye mgongo katika chumba cha walimu, delege aje akate shauri. Nikifika nyumbani mke wangu ananiuliza habari za kazi, nami namjibu kwa mkono tu, maneno yameniishia hukohuko shuleni.

Lakini jambo la Maman Nabintu halikuwa la kiti. Maman Nabintu ni mwalimu wa biolojia, alifundisha mwaka wa tano kwa muda mrefu, na mwaka jana akaenda kujifungua, aliporudi akakuta darasa lake amepewa kijana mmoja mpwa wa prefe, naye akaambiwa akae maktaba. Maktaba yetu (mnaijua) ni chumba chenye ramani mbili zilizoliwa na panya na tufe la dunia lisilo na mguu. Akakaa humo wiki tatu, mtoto mgongoni, halafu akaanza kusikia kwamba mwisho wa muhula jina lake litaondolewa kabisa kwenye orodha ya walimu kwa kuwa hana darasa. Tukaandika barua. Tukaandika nyingine. Prefe akasema anaziheshimu sana barua zetu. Ndipo tukakutana walimu wote, nikasimama, nikainua kidole, nikasema maneno ambayo hadi leo wananirudishia:

"Mpaka Maman Nabintu arudi mu classe yake, mutu asiguse chaki!"

Wakapiga makofi, yeye akalia kidogo, nami nikamwambia Jumatatu aje na kalamu yake nyekundu ya kusahihishia maana angeihitaji.

Jumatatu ikaja na mvua. Saa moja na nusu tuko kwenye lango la shule, walimu wote chini ya miavuli sita, na wanafunzi wamekwisha kukimbilia madarasani kwa sababu ya kulowa. Papa Mushagalusa, mwalimu wa jiografia, ambaye ndiye mkubwa kwetu kwa umri, akanigeukia.

"Delege, ingia ubaambie batoto barudi kwabo. Weye njo unajua kusema."

Nikaingia. Hapo bado sikuwa nimekosea. Nikaanza na mwaka wa sita, wale wenye mtihani wa Serikali mbele yao, nikijua hao wakitoka wengine watafuata. Nilifungua mlango nikitegemea kelele, nikakuta kimya. Walikuwa wanajifundisha wenyewe. Ansima, binti mmoja mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa ubaoni anawafanyia wenzake zoezi la hesabu, na katika mstari wa tatu alikuwa amepoteza alama ya kutoa.

Sasa niwaambie ukweli. Mtu mwingine angeona zoezi. Mimi niliona ile alama tu, yaani mahali ambapo haikuwepo, na kila mstari uliofuata ulikuwa unazidi kupotea, na watoto thelathini na kitu wanainakili yote kwa wino! (Nimekuwa mwalimu miaka kumi na tisa, chakula hakinipiti kooni kama mbele yangu kuna ubao wenye kosa.)

"Ansima, ile moins imeenda wapi?"

"Moins gani, Monsieur?"

"Ya mustari wa tatu."

Akatazama. Akatazama tena. "Siione, Monsieur."

Nikasema moyoni, alama moja tu, nitaiweka halafu nitawaambia waende nyumbani. Nikachukua chaki mkononi mwake.

Nyinyi mnajua chaki ilivyo. Ukishaweka alama lazima urekebishe mstari unaofuata, na ukiurekebisha yupo anayeuliza kwa nini, na ukimjibu huyo unagundua mwenzake naye hakuelewa tangu mwaka uliopita, basi unafuta ubao mzima kwa kiganja na kuanza upya, na mvua juu ya mabati inakulazimisha kupaza sauti, nikavua koti, nikamtania mmoja aliyekuwa anasinzia, wakacheka, nikahamia ubao wa pili. Nilikuwa na furaha. Nasema bila kuficha, nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja kwa miezi, kwa sababu katika chumba kile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeniletea malalamiko. Maman Nabintu nilikuwa nimemsahau. Kabisa.

Mlango ukafunguka, wanafunzi wakasimama. Alikuwa prefe, na karatasi yake ya kukagulia masomo kwapani. Mtu mwenye akili angeiacha chaki ianguke. Mimi, kwa mazoea, nikawaambia wanafunzi "Kaeni," prefe akaenda akakaa benchi ya nyuma, nami nikaendelea! Hata nilijitahidi zaidi, kama tunavyojitahidi sote tukikaguliwa. Mwishoni akanijia polepole, akanyoosha mkono.

"Journal de classe, Monsieur."

Ni lile daftari ambalo mwalimu anaandika kila somo analotoa. Nilikuwa nalo ndani ya begi (mgomaji gani anakuja kugoma na daftari la masomo?), nikampa. Akaandika tarehe, akaandika saa, akaandika "somo zuri sana", akatia sahihi kwa wino mwekundu. Nilipoiona rangi ile ndipo nikakumbuka kalamu nyekundu ya Maman Nabintu.

Prefe akatoka, akaagiza kengele ya saa ya pili ipigwe. Nikageuka, nikaona dirisha limejaa nyuso za walimu wenzangu. Walikuwa wamenisikia kutoka langoni, kwa maana sauti yangu ilikuwa imeshindana na mvua na ikaishinda.

"Delege," akasema Papa Mushagalusa, "uko nafundisha?"

"Hapana, Papa. Niko naonyesha tu kitu kidogo."

Na huku nimeshika chaki, nimekuwa mweupe mpaka kwenye kiwiko, na nyuma yangu mbao mbili zimejaa. Wakacheka, nami nikajaribu kucheka nao, halafu kicheko kikaisha. Sikuona hasira. Niliona watu waliochoka kama mimi, waliolowa, ambao walikuwa wanatafuta ruhusa tangu asubuhi, na mimi nimewapa.

"Bon. Kama delege anafundisha, siye tuko nangoja nini?"

Papa Mushagalusa akakung'uta mwavuli wake, akaenda kwenye darasa lake. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Nikapiga kelele, "Ngojeni, haijaisha, tutoke bote!" na mwanafunzi wa benchi ya mbele akaniuliza kama hiyo nayo waiandike.

Maman Nabintu alibaki peke yake kwenye koridoo. Alikuwa amevaa kitenge kipya, mtoto amelala mgongoni, kalamu nyekundu ameichomeka kifuani. Akasogea mpaka mlangoni, akautazama ubao kutoka juu hadi chini.

"Ile exercice, sasa iko juste?"

"Iko sawa, Maman."

"Basi umalize. Batoto beko nangoja."

Akageuka, akaenda maktaba. Afadhali angenitukana.

Na nilimaliza. Hilo sijamwambia mtu hadi leo, lakini mlango ulipofungwa niliwageukia wale watoto na nikamaliza zoezi.

Yaliyofuata ni mafupi. Tulipokwenda tena kwa prefe hakubishana nasi, aliniomba tu daftari langu (nilikuwa nalo tena, ndiyo, mazoea), akalifungua kwenye ukurasa ule, akaliweka mezani mbele ya wote na kutuuliza tunazungumzia mgomo upi. Mwisho wa muhula jina la Maman Nabintu likaondolewa. Nikaandika barua ya kuacha udelege, nikaisoma mbele ya wenzangu, wakanisikiliza vizuri sana, halafu Papa Mushagalusa akauliza kama kuna mwingine anayeutaka. Kila mtu akatazama viatu vyake.

"Weye ulishajua kazi," akaniambia.

Basi ndiyo mimi huyu, delege bado, na mlango wa choo bado haufungi.

Maman Nabintu alipata shule Nyangezi. Jumatatu asubuhi ninampita pale magari ya huko yanapopakia, na kila mara yeye ndiye anayetangulia kunisalimia, bila chuki, akitabasamu, na hilo linanichosha kuliko malalamiko ya walimu wote wakiwekwa pamoja.

"Delege, leo iko mugomo ao masomo?"

"Masomo, Maman."

"Basi ukimbie, utachelewa."

Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba siku ya mgomo mwingine begi litabaki nyumbani, nitasimama langoni nikiipa shule mgongo, na mwaka wa sita hata wakiandika kwamba mbili na mbili ni tano, iwe tano mpaka kesho yake. Lakini lile daftari ninalo. Katika miaka yote kumi na tisa ni mara hiyo moja tu prefe aliniandikia "somo zuri sana". Nimeushika ukurasa ule mara nyingi nikitaka kuuchana, na kila mara nimelirudisha daftari ndani ya begi, kwa sababu, mnisamehe, lilikuwa somo zuri kweli.