Ubeti Uliofunikwa kwa Gitaa

Saa moja asubuhi, Ngulyati, Februari 1975. Majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Magugu yamefika magotini kwenye shamba la pamba, na mbele ya safu ya wakulima yupo mwanamke mfupi mwenye sauti inayofika barabara ya Bariadi. Milembe Shigela anaimba huku analima. Akinyamaza, majembe hulegea, kwa hiyo hanyamazi.

"Mwangaluka, mayu," mwandishi anamsalimu mama huyo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka," anaitikia bila kusimama. "Kama umekuja kwa ajili ya ile santuri, shika jembe. Hapa hatuongei tumekaa."

Wimbo anaouimba ndio unaopigwa madukani kutoka Maswa hadi Mwanza, lakini kwenye santuri umeandikwa jina la bendi. Tena ubeti wake wa tatu haumo, nao ndio uliouzaa wimbo wote.

Ubeti huo unamhusu karani wa mizani. Msimu uliopita, kwenye kituo cha kununulia pamba, Milembe alimwona akilinyanyua kwa goti gunia lililoning'inia, kidogo tu, ili uzito upungue. Wengine waliona pia, wakaendelea kusogeza magunia yao. Lakini Milembe ni ningi, manju wa kikundi cha kulima, na kwa Wasukuma ningi hanong'oni. Akaimba palepale kwenye foleni: "Karani, shusha goti, wakati wa palizi goti lako lilikuwa wapi?"

Foleni ikaitikia. Karani, aliyezungukwa na pamba pande zote, akatia nyingine masikioni. Zamu ya Milembe ilipofika, magunia yake yote, meupe yasiyo na hata jani, yakaandikwa fifi, daraja la chini.

"Niliumia. Nililia njia nzima," anasema. "Kesho yake nikauimba kwa nguvu zaidi."

Kaka yake, Constantine, alimsihi. "Dada, wimbo haulishi watoto. Atakuandikia fifi tena."

"Aandike," Milembe akamjibu. "Nikinyamaza, ataacha?"

Siku ya Sabasaba, bendi moja ya Mwanza ilikuja Bariadi. Kiongozi wake, mpiga gitaa aitwaye Sadick, alimsikia Milembe uwanjani, akauomba wimbo. Milembe akampa kwa sharti moja, usipunguzwe. Sadick akakubali, lakini wiki chache baadaye akarudi kwa basi, ameinamisha kichwa.

"Mama, watoa santuri wameniambia ubeti wa karani hautapita. Niruhusu niutoe, santuri itoke."

"Toa wa kwako. Huo ni wangu."

Sadick akaondoka bila ruhusa. Santuri ikatoka hivyohivyo.

Milembe aliisikia mara ya kwanza dukani kwa Gharib, mjini Bariadi, alikokwenda kununua chumvi. Gramafoni ilikuwa inaimba, wateja wamejaa barazani. Ukapita ubeti wa kwanza, ukapita wa pili, kisha likaja gitaa peke yake. Hasira zikampanda. Akaweka chumvi chini, akaimba.

"Nilidhani mama wa watu amerukwa na akili," anasema Gharib huku akicheka. "Mara wapakiaji wa pamba wakaitikia, nami nikajikuta naitikia. Ubeti ulienea wote! Gitaa lilikuwa limemwachia nafasi kamili."

Sadick hajasema kama alikusudia. "Aliogopa, au alifanya ujanja, mimi hainihusu," anasema Milembe. "Nafasi ilikuwepo, nikaingia."

Tangu siku hiyo, hakuna baraza mjini Bariadi linaloliacha gitaa hilo lipite kimya. Msimu ulipokaribia kufungwa, mtu mmoja alipiga mluzi wa wimbo huo kwenye foleni, na karani akasogea mbali na mizani, mikono nyuma. Pamba ya Milembe aliiandika fifi vilevile. Ndiyo maana Constantine bado ana hofu na msimu ujao, na hofu yake si ya bure.

Jua limepanda. Milembe anafuta jasho kwa ncha ya khanga. Anatunga wimbo mpya, na Sadick ameshatuma salamu kuuomba.

"Nitampa," anasema. "Ila safari hii goti la karani sikuliweka kwenye ubeti. Nimeliweka kwenye kiitikio. Wakilitoa, hawana wimbo."

Ananyanyua jembe, na safu nzima inanyanyua naye.