Besi ya Papa, Mdomo Wangu

Friji ya nyumba yangu hapa Columbus inanguruma tangu mwaka jana. Fundi anataka kuibadilisha, nami kila mara namwambia aje wiki ijayo. Mtaniona wa ajabu, lakini mngelelewa jikoni kwetu, West Side ya Buffalo, mngenielewa. Friji yetu ndiyo iliyompa Papa noti ya kuanzia.

Papa alikuwa besi wa kwarteti. Walianza katika kambi ya wakimbizi, wanaume wanne, baada ya mmisionari mmoja kuwaachia kaseti ya Wamarekani wanne walioimba Injili bila ala yoyote. Waliwaiga mpaka kanda ikakatika, kisha wakatia maneno ya Kiswahili. Halafu ndege za wakimbizi zikawatawanya: Papa Buffalo, Ezra wa sauti ya kwanza, niliyemwita Tonton, yaani mjomba, huku Columbus, wawili waliobaki Louisville. Kwarteti haikufa. Papa aliegemea friji, akaisikiliza macho yamefumbwa, akarekodi besi kwenye simu na kuwatumia wenzake, nao wakaongeza sauti zao mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo kila wimbo wao wa miaka ile una friji yetu ndani yake, na mmojawapo una Mama akiuliza nani amemaliza maziwa.

Kuna desturi ya kambini niliyoikumbuka kwa mbali. Ubeti wa mwisho wenzake walinyamaza, Papa akashuka peke yake noti kwa noti, na kina mama waliokaa mbele wakainua kidole kimoja kwa kila ngazi aliyoshuka. Besi wengine waliishia ya tano. Papa alifika ya saba, na vidole saba vikatikiswa hewani kwa vigelegele.

Nilikuwa na miaka kumi habari ilipofika: makanisa ya watu wa kwetu yangekutana Louisville, na kwarteti ingesimama pamoja kwa mara ya kwanza tangu kambini. Miaka sita ilikuwa imepita. Papa, ambaye alizoea kurudi kimya kutoka ghala la vyakula vya barafu, akaanza kututania mezani. Mama akashona mashati manne ya kitenge kimoja. Mimi nilikuwa na sababu yangu, na sitawaficha. Tungelala hoteli yenye bwawa la kuogelea.

Wiki tatu kabla ya safari, sauti yake ikaanza kukwaruza. Kazini alishinda kwenye baridi akipaza sauti ili mashine zisimshinde. Siku alipokohoa damu, Mama alimlazimisha kwenda kliniki, nami nikatolewa shule nikatafsiri, kama walivyofanya watoto wote wa kwetu. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alileta simu ya mkalimani. Papa akaisukuma pembeni.

"Simu ya nini? Mutoto yangu iko hapa."

Kichwa kikanivimba kwa sifa. Daktari akasema polepole akinitazama machoni. Nyuzi za sauti zimeumia. Asiimbe kabisa kwa miezi miwili, hata kuongea apunguze. Akiimba, sauti inaweza kuondoka isirudi. Nilielewa kila neno. Nililiona pia lile bwawa likikauka.

"Munganga anasema nini?" Papa aliuliza.

"Anasema upumuzike wiki moja, Papa. Unywe tangawizi. Kisha utaimba."

Alinitazama kidogo. "Bon, sawa," akasema, akachukua kofia yake.

Nyumbani Mama hakuamini. "Munganga ya Amerika ndiye anasema tangawizi?" Lakini aliichemsha, na nyumba nzima ikanuka uongo wangu.

Tulikwenda kwa gari, tukalala Columbus, mtaa wa Linden, kwa Tonton Ezra, kesho yake tukaingia Louisville. Niliogelea mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Alasiri ukumbi ulijaa, na watu walianza kulia hata kabla ya wimbo. Pale hapakuwa na friji. Papa alitoa noti kwa kukisia, akaipandisha mno, Tonton Ezra akaimba mishipa ya shingo imemtoka, na watu wakacheka kwa mapenzi. Kisha ukaja ubeti wa mwisho. Kina mama wakainua kidole kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Mdomo wa Papa ulikuwa wazi, na kilichotoka kilikuwa hewa tu. Vile vidole vinne vikabaki juu, hakuna aliyejua avishushe au la. Papa akatabasamu, akainamisha kichwa, na Ezra akadakia kiitikio.

Hakuimba tena. Alifanyiwa upasuaji, akabakiwa na sauti ya kutosha kuomba chumvi mezani. Sikumwambia mtu. Nilimchemshia tangawizi kila asubuhi mpaka nilipohama nyumbani, na kila waliponiita kwaya, maana nami nina sauti nene, nilisema nina mafua. Mafua yangu yamedumu miaka kumi na miwili.

Mwaka jana Tonton Ezra alikuja kunisalimu, akaisikia friji yangu, akacheka.

"Papa yako alikuwa mujanja! Ile siku ametoka kwa munganga alinipigia. Anasema, 'Ezra, nimekatazwa kabisa. Lakini mutoto amesema naweza, donc nakuja.'"

Alidhani ananichekesha. Niliingia bafuni nikalia kwa hasira. Ndipo nikaelewa kwa nini ile simu ya mkalimani ilisukumwa pembeni. Papa alimwelewa daktari vizuri kabisa. Alitaka mtu amdanganye, akautumia mdomo wa mtoto, kisha akaniacha na mzigo huo miaka yote huku akiinywa tangawizi yangu. Nilielewa na jambo jingine, ambalo sikutaka kulielewa: kwake, ngazi nne mbele ya watu wake zilikuwa bora kuliko saba akiwa peke yake na friji. Nampenda Papa. Hasira haijaisha.

Nilikaa miezi bila kumwambia. Juzi akanipigia. Siku hizi anaishi East Side ya kule kule Buffalo, koo limeanza kumsumbua tena, na Jumatatu ana miadi na daktari.

"Espe, utakuja unisemee?"

"Nitakuja, Papa. Lakini mara hii tutatumia simu ya mkalimani. Mimi nitakaa inje."

Kwenye simu niliisikia friji yake tu ikinguruma. Nilijua amejua kwamba ninajua.

"Bon," akasema, kwa ile hewa iliyombakia. "Lakini ukae karibu na mulango."