Wembe wa Kukatia Matangazo

Uongozi wa chuo umekataza kabisa kuwanyoa wanafunzi wapya kwa nguvu, kuwapaka matope na kuwapigisha magoti. Karani wetu hubandika agizo hilo kila Oktoba tangu miaka ya vita. Hubadilisha tarehe tu, na mwaka jana alisahau hata hiyo. Hulamba kidole gumba, hunyoosha karatasi, hukata kingo kwa wembe, taratibu, kama anayehudumu altareni.

Juzi Elie, mwanafunzi mpya kutoka Kibombo, alimjia karani, nusu ya kichwa imenyolewa, damu sikioni.

“Papa, wanafunzi wakubwa wananingoja tena kule nyuma. Unisaidie, ao narudia kwetu leo.”

Karani akamwonyesha ukuta. “Soma, mutoto. Imekatazwa. Sasa nani alikunyoa?”

Akafungua droo akate tangazo jingine. Wembe haukuwemo, wakubwa walikuwa bado hawajaurudisha.