Laptop ya Mwalimu na Fundi Mjuaji

Jumanne, nikingoja zamu yangu kwa kaunta ya fundi hapa Eldoret, mwalimu mmoja wa Moiben aliweka laptop ya shule mezani. "Tangu ifanyiwe update ya programu, nikiifunga ilale inazima kabisa, kazi inapotea. Mwalimu mkuu anataka kuninyang'anya apee mtu anajua kompyuta."

Fundi hakuiwasha hata. "Mama, unaifunga kwa nguvu."

Nilichemka. Mafundi wetu wakikosa jibu wanalaumu mikono ya mteja! Mimi niliacha shule Form Two, lakini hiyo naitibu nikitafuna chapati. "Boss, shida ni hiyo update. Itoe!"

Akaitoa, amenuna. Mwalimu akaifunga, akangoja, akafungua. Kazi yote ilikuwepo.

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, Mwalimu!"

Akampigia mwalimu mkuu, akanipa simu. "Mwambie hivyo hivyo. Na usipunguze sauti."