Aya Aliyoifuta Mwalimu Ludovika

Mwalimu Ludovika alikuwa na Kiingereza cha kuvaa suti. Pale Ruhuwiko, mjini Songea, mwenye barua ya kuomba kazi au hotuba ya mgeni rasmi aliipeleka kwake, naye aliipamba mpaka mwenyewe akaanza kuiogopa. Sentensi fupi ilimkera kama mwanafunzi asiyechomekea shati.

Basi Emiliani, mtoto wa mdogo wake, aliporudi likizo kutoka chuo kikuu na tasnifu yake ya kompyuta, hapakuwa na swali nani ataisahihisha. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wameingia kwenye tumbaku, kila mmoja na malori yake, na Emiliani alikuwa ametengeneza programu ya kupanga lori lipi lipite kijiji gani cha Namtumbo. Kompyuta Ludovika hakuzijua. Lakini Kiingereza ni Kiingereza, alisema, akavuta kiti.

Alichokisoma kilimsikitisha. Sentensi kavu, hazina chumvi: programu inafanya hiki, jaribio lilitoa kile. Akatia madoido. Sura ya mwisho akakuta aya nzima kijana anajianika: programu hukosea mvua zikikata barabara, imejaribiwa kwa vijiji vichache, matokeo yake yasitegemewe kupita hapo. Damu ikamchemka. Nani huenda kuposa akaanza kutaja magonjwa ya ukoo? Akaifuta yote, na mahali pake akaandika sentensi ndefu, tamu, kwamba programu hii ni suluhisho la mkoa mzima, kiangazi na masika.

"Mama mkubwa, ile aya ya mwisho..." Emiliani alianza.

"Ile ya kujidharau? Nimekuokoa, mwanangu. Unaomba digrii, huendi kuungama."

Kijana alitazama chini. Huyu ndiye aliyemlea na kumfundisha kusoma. "Asante, mama mkubwa," akasema, akaenda kuichapisha hivyo hivyo.

Watahini wa chuo walimbana kwa jambo moja: masika je? Akajibu kweli, kwamba inakosea, na kwamba alilijua hilo tangu mwanzo. Wakamwambia aliyeficha kosa analolijua haaminiki hata pale aliposema kweli. Tasnifu ikakataliwa, na kazi aliyoahidiwa akapewa mwingine.

Ludovika aliyapata hayo kwa kumhoji kijana mwenyewe, aliporudi Songea amekonda.

"Sasa si ungewaambia ni mimi niliyefuta?"

"Jina lililo juu ni langu, mama mkubwa."

"Aya moja tu, Emiliani!"

"Ndiyo hiyo waliyokuwa wanaitafuta."

Alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma Ludovika kuliko matusi. Afadhali angefoka. Alijuta, tena vibaya, kwamba hakumwuliza hata neno moja: kwa nini umeiandika hii? Kijana alijua alichokuwa anafanya, na yeye, mwalimu, alikuwa na haraka ya kuonekana anajua.

Mwaka uliofuata Emiliani aliruhusiwa kuiandika upya. Siku ya kurudi chuoni alipita kuaga, akatoa shikamoo, akala ugali na dagaa wa Nyasa, hata akacheka. Mkoba wake ulikuwa miguuni, umefura karatasi za tasnifu mpya. Ludovika aliondoa vyombo upesi, akaipangusa meza mpaka ikakauka, akakaa mkabala naye, akangoja.

Emiliani akamwuliza mahindi ya mwaka huu yanaendeleaje. Alipokwisha kujibiwa alisimama, akauvaa mkoba begani bila kuufungua, akaaga.